Nyimbo tatu, linki moja

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Bati linaunguruma, hakuna kurekodi leo. Kanuni, ala yangu ya nyuzi, nimeifunika khanga mbili na shuka juu yake, na bado najua kesho nitaikuta imehama. Ngozi iliyo chini ya daraja inanyonya unyevu, daraja linazama upana wa ukucha tu, basi nyuzi zote 78 zinapotea njia. Masika hayana huruma na chombo chenye ngozi.

Basi nimeshika kalamu. Ile maktaba ya London, yenye muziki wa kuwekwa chini ya filamu na vipindi, inapokea kazi mpya, na masharti yao nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Nyimbo tatu mpaka tano. Za ala tupu. Faili usiambatanishe, weka linki, wabonyeze, wasikie. Linki isiyodai nywila wala isiyokufa baada ya wiki.

Nimependa walivyosema wazi. Anayepokea muziki wa dunia nzima hawezi kupakua wimbo wa kila mtu.

Nitapeleka tatu. Kupeleka tano ni kuwaambia watafute wenyewe kilicho kizuri, na kuchagua ni kazi yangu mie. Zipi, lakini? "Alfajiri ya Malindi" lazima. Ile ya kidumbaki, ngoma ya pwani, lazima. Na ya tatu, yenye kipande cha Maalim, mwalimu wangu, ndani yake. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Jumatano, 17 Aprili

Jua! Madirisha wazi tangu asubuhi, chumba kikauke.

Kupatanisha nyuzi kumekula asubuhi yangu yote. Ufunguo mkononi, sikio karibu na mbao, uzi baada ya uzi, tatu tatu mpaka ziseme sauti moja. Nikifika kwenye sika, sauti ya tatu ya maqamu ya rasti, kipimo cha kwenye kompyuta kinawaka nyekundu, kinadai uzi umekosea. Uzi haujakosea. Sika ya rasti inakaa pale pale, katikati ya funguo mbili za kinanda, na hapo ndipo rasti inapoanza kumgusa mtu. Nikizima kile kipimo napata amani.

Vijana wa kidumbaki wamekuja baada ya adhuhuri. Sanduku, besi yao ya uzi mmoja, nimelitegea maikrofoni mbili: moja kwenye tundu, nyingine juu, pale uzi unaposuguana na fimbo. Kijana akiivuta fimbo nyuma, uzi unakaza, sauti inapanda. Akiilegeza inashuka mpaka unaisikia kifuani. Nimezijaribu besi za kununua mtandaoni. Safi mno, hazina mkwaruzo. Halafu hizo za kununua anazo kila mtu. Kipande kilekile kikiwa ndani ya wimbo wangu na wa mtu wa Brazil, nani mwenye wimbo? Maktaba haitaki kesi hiyo, na mie siitaki. Kila kinachosikika kwenye nyimbo hizi kimepigwa chumbani humu, na mikono ninayoijua.

Alasiri ilipoadhiniwa tukasimama, tukasali, tukarudi. Kunguru wameingia kwenye rekodi ya vidumbaki, tukarudia. Cherewa, ile ala ya kutikisa, imetoka vizuri mara ya kwanza tu, hakuna aliyeigusa tena.

Nimechoka vizuri.

Ijumaa, 19 Aprili

Taqsimu. Nahangaika nayo tangu jana.

"Alfajiri ya Malindi" inaanza na taqsimu ya sekunde 40. Kanuni peke yake, taratibu, inaingia rasti bila haraka. Hapo ndipo roho ya wimbo ilipo. Na hapo ndipo utakapofia. Yule wa London atabonyeza, atasikia uzi mmoja, kimya, uzi mwingine, kimya. Sekunde ya kumi keshahamia kwa mtu mwengine. Hana dharau. Ana foleni ndefu na masikio mawili.

Tena huu si wimbo wa jukwaani. Unakwenda kukaa chini ya picha. Jahazi linatweka tanga, bibi anasuka ukili, msimulizi anasema maneno yake juu ya yote hayo. Mhariri wa picha anataka mwanzo uliosimama. Anataka mabadiliko kila baada ya mistari kadhaa ili apate pa kukatia. Anataka mwisho wa pigo moja, umekwisha. Sauti inayofifia polepole haimsaidii kitu.

Nimeikata taqsimu ibaki sekunde 8. Nimeisikiliza nikiwa nimefumba macho. Hapana. Sekunde 8 za taqsimu ni salamu ya mtu anayekimbia.

Saa tano usiku. Sikati. Nimeitoa nzima, ikae kipande chake peke yake, na "Alfajiri" ianze na sanduku, vidumbaki na kanuni kwa pamoja, pigo la kwanza kabisa. Nimesikiliza tena na tena. Wimbo umesimama! Na taqsimu haijaguswa hata uzi mmoja. Wakiipenda kazi nitawaambia ipo.

Jumapili, 21 Aprili, usiku

Kupandisha. WAV, biti 24, kHz 48, kila dakika inakula MB 17 hivi. Nimenunua bando jingine. Ningeweza kupandisha MP3 nikalala mapema, lakini SoundCloud wanaibana sauti wenyewe. Ukiwapa iliyokwisha kubanwa, inabanwa mara ya pili, na kanuni ndiyo inayoumia mwanzo. Nyuzi za juu zinakuwa na mchanga. Siko tayari mtu asiyenijua anisikie nikiwa na mchanga.

Nimezifunga, si za wote. Mwenye linki tu ndiye anayesikia. Wakizitaka kwa mkataba wa wao peke yao, hawatapenda kuzikuta zimezagaa kila pahala. Nyimbo tatu ndani ya orodha moja, linki moja. Kupakua nimezuia kwanza. Masharti yanasema kusikiliza tu.

Mpangilio umenipa taabu. Nilitamani nianze na laini, nimalize na nzito, tunavyopanga usiku wa taarab. Hapa haiwezekani. Anaweza asifike wa pili. Wa kwanza "Alfajiri", wa pili wa Maalim, wa tatu kidumbaki.

Nimemtumia Kaka, Dar. Nikamwambia fungua kwenye simu, fungua kwenye kompyuta ya kazini, fungua kwenye simu ya wifi asiye na akaunti yoyote. Zote zimefunguka. Nikamwambia, sasa sikiliza kwa spika ya simu yenyewe, bila hedifoni. Akanyamaza, akasema, dada, besi siisikii. Kweli. Sanduku lote limepotea kwenye ile spika ndogo. Nikarudi kwenye miksi, nikaupandisha ule mkwaruzo wa fimbo, sauti za juujuu za uzi, ili spika ndogo ipate cha kushika. Nikapandisha upya.

Saa nane usiku. Kaka, maskini, bado macho. Kasema, sasa nalisikia.

Alhamisi, 25 Aprili

Barua yenyewe. Nimeandika ukurasa mzima, nikaufuta. Nani atasoma habari za babu yangu na gramafoni yake? Mistari minne imebaki. Mie nani, niko wapi. Kanuni, fidla, sanduku, vidumbaki, cherewa, vyote vimepigwa na watu. Nyimbo tatu za ala tupu, hazijawahi kutolewa. Haki zote ziko kwangu na, kwa wimbo wa pili, kwangu na mwalimu wangu. Halafu linki, kwenye mstari wake peke yake.

Huo mstari wa mwalimu sijaona haya kuuandika. Wengine wangeniambia subiri kwanza upendwe. Sisubiri. Wimbo ukikataliwa kwa sababu ya Maalim, basi tukataliwe sote wawili.

Fomu inataka nichague fungu la muziki. Afrika: ngoma, kwaya, simba. Mashariki ya Kati: jangwa. Sisi tuko wapi? Tuna kanuni na tuna sanduku. Tuna rasti juu na ngoma ya pwani chini yake, na vyote viwili ni vyetu, hatukuazima kwa mtu wiki iliyopita. Klabu ya taarab ya Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Nimechagua yote mawili, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika Zanzibar, bahari, asubuhi, kazi ya mikono, safari ya pole. Mhariri akitafuta picha yake kwa maneno hayo, atufikie.

Namfikiria Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. 1928 alipanda meli na wenziwe mpaka Bombay kurekodi sahani. Wakakaa mbele ya mashine wakaimba, na watu wa kampuni wako palepale, wanawatazama usoni. Mie natuma linki, na uso wa anayesikiliza sitauona. Natamani ningeuona. Wallahi natamani. Ningejua pale anapotikisa kichwa.

Nimetuma. Bismillahi.

Jumamosi, 4 Mei

Upepo wa Kimbunga Hidaya tangu jana. Boti za Dar hazikwenda. Mama yuko kwenye msala muda mwingi, anawaombea watu wa kisiwa cha Mafia. Umeme umekatika, umerudi, umekatika.

Kila ukirudi nafungua ile orodha. Waliosikiliza: Kaka na wifi, basi. Barua wameipata au imeangukia kwenye takataka? Nikumbushe? Masharti yanasema usiulizie, tutajibu tukipenda. Sitaulizia. Moyo unaulizia wenyewe.

Mtoto wa dada anaangalia SpongeBob kabla umeme haujakatika. Ule muziki wa magitaa ya Hawaii chini ya katuni, mwingi wake unatoka kwenye maktaba, APM wanaandikwa mwisho pale. Johnny Pearson naye aliiandikia maktaba ya KPM ile "Heavy Action", ikatoka London ikaenda kukaa kwenye mpira wa Marekani wa Jumatatu usiku, miaka na miaka. Wimbo wa maktaba hujui utaishi wapi. Hilo ndilo linalonivuta. Ya harusi inakwisha na harusi. Hii inaweza kuamkia kwenye sebule ya mtu nisiyemjua, Norway huko, anaangalia kipindi cha samaki, na sika yetu inamwingia bila yeye kujua imetoka Ng'ambo, Unguja.

Jumatano, 8 Mei

Imesikilizwa!

Namba zimepanda. Zote tatu. Na ule wa pili zaidi ya wenziwe. Mtu karudi. Mtu kausikia wimbo wa Maalim, akaurudia.

Nimemwambia Mama. Akauliza, wamelipa? Nikasema, wamesikia. Akanitazama, akaacha kupepeta mchele. Kasema, alhamdulillahi, kusikiwa si kitu kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Wamejibu. Mikono inatetemeka nikiandika.

Wanautaka wa pili na wanaitaka "Alfajiri". Cha kidumbaki hawakukitaka, wanasema kimejaa, msimulizi hatapata pa kusemea. Sikubaliani nao hata chembe. Kidumbaki kikikaa kimya si kidumbaki. Lakini hayo yangu.

Wanataka matoleo. Kila wimbo uwe mzima; usio na kanuni wala fidla; wa sekunde 60; wa 30; wa 15. Na njia moja moja zimetenganishwa, kila ala peke yake. Kwa linki tena, safari hii ya kupakua. Kabla ya Alhamisi, albamu inafungwa.

Na rasimu ya mkataba. Nimeusoma na kalamu nyekundu. Rekodi zinakuwa zao, wao peke yao, kwa muda wote wa hakimiliki. Mapato ya utangazaji: nusu ya mchapishaji kwao, nusu ya mtunzi kwangu. Hapo sawa, ndivyo inavyotakiwa. Maktaba nyingine mwaka jana ilitaka na ile nusu ya mtunzi, inunue kila kitu kwa malipo ya mara moja. Nilikataa siku ileile. Nusu ya mtunzi ndiyo pekee inayorudi nyumbani wimbo ukishaondoka. Kipindi kikirushwa, orodha ya muziki wa kipindi inakwenda kwenye chama cha hakimiliki, jina lako limo, pesa inakutafuta ulipo. Jina likiondoka hapo, limeondoka.

Kifungu cha nne: mtunzi anathibitisha kwamba yeye peke yake ndiye aliyeutunga wimbo.

Hicho sikisaini kilivyo. Kesho kwa Maalim.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemkuta barazani, kahawa mkononi. Shikamoo Maalim. Marahaba, mwanangu, mbona mbio?

Nimemwekea hedifoni masikioni. Vidole vyake vimeanza kucheza juu ya goti kabla wimbo haujafika kwenye kipande chake. Kile cha shahada kinainuka kidogo kuliko vingine, ndivyo kinavyobakia baada ya miaka ya kuvaa pete ya risha. Kilipofika, vikasimama. Akausikiliza mpaka mwisho. Hakuruka hata sekunde. Akasema rudisha. Nikarudisha.

Kasema: hapa umeharakisha. Kweli nimeharakisha, kwa ajili ya picha. Nikamweleza. Akafikiri. Kasema: haidhuru, haijavunjika.

Kile kipande alikitunga akiwa kijana, klabuni, kiingie kati ya bashraf, muziki wa ufunguzi, na wimbo wa kwanza, waimbaji wapate kukaa vizuri. Hakikuwahi kurekodiwa. Kimeishi kwenye mikono ya wanafunzi wake tu. Nikamwambia watu wa London wanakitaka.

"Chukua, mwanangu. Mie nikifanyie nini?"

Nikasema, Maalim, sichukui. Nataka tuandikwe wawili. Nikamweleza habari ya nusu ya mtunzi, kwamba tutaigawa sawa kwa sawa, na kwamba popote kitakapopigwa jina lake litakuwa kwenye karatasi. Pesa hakuiulizia. Aliuliza hiyo karatasi inakaa kwa nani, na kwa muda gani. Nikamwambia maisha yake yote na miaka mingi baada yake, wajukuu wakubwa.

Akanyamaza muda. Halafu akaanza kunitajia majina yake matatu, lake, la baba yake, la babu yake, polepole, herufi baada ya herufi, na kila mara anachungulia daftari kuona kama nimeandika sawa.

Nimeandika sawa.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekufa. Si kwangu tu, si Unguja tu. Wanasema waya zimekatika chini ya bahari huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, EASSy na Seacom kwa pamoja. Barua pepe ndogo inapita kwa kusukumwa. Faili halipiti.

Na Alhamisi inakuja. Ya Rabbi.

Jumatatu, 13 Mei

Basi kukata. Hii kazi haihitaji mtandao.

Sekunde 60 imekuja yenyewe: pigo, mstari wa kwanza, kipande cha Maalim, mwisho. Sekunde 30 ngumu zaidi. Rasti inataka ipande kisha ishuke nyumbani. Ukikata pale juu unamwacha mtu hewani, ukikata mapema mno hakupanda. Nimeunganisha mwanzo wa mstari wa pili na mteremko wa mwisho, kiungo kikaangukia kwenye pigo la kidumbaki, hakisikiki hata kwa sikio langu. Sekunde 15 ni kipande cha Maalim peke yake na pigo la kufunga. Kimetosha. Alikitunga kifupi na kamili, sikuongeza kitu.

Kisha toleo lisilo na kanuni wala fidla. Nilikuwa naliogopa. Nimezizima njia za kanuni, nikazizima za fidla, nikabonyeza, nikategemea kusikia nyumba tupu. Nikasikia sanduku linatembea. Vidumbaki vinajibizana, vijiti vya mkwasa nyuma kabisa, cherewa inapumua. Miezi yote hii nimekuwa juu yao na kanuni yangu, wao wako chini wanapika kitu kitamu namna hii! Nimewapigia vijana simu niwaambie. Mmoja kasema, sie tunajua.

Majina ya mafaili, yote kwa mtindo mmoja: wimbo, toleo, mwendo, watunzi. Ndani ya kila faili taarifa zake. Faili linalosafiri bila jina la mwenyewe halirudi.

Jumatano, 15 Mei, alfajiri

Zimepanda.

Mchana haikuwezekana, kila mtu anaugombea uzi mwembamba uliobaki. Nimeamka saa tisa usiku, watu wamelala, nikatumia laini ya simu nyingine. Faili moja moja, ndogo kwanza. Lilipokwama nimelianzisha upya, sikulitukana. Fidla ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Adhana ya alfajiri inaanza na ala ya mwisho inamalizia.

Nimewatumia linki na neno moja la kuwaeleza habari ya waya. Jibu limekuja kabla sijanywa chai: wamesikia habari za waya, wangenisubiri. Mafaili yote yamefunguka kwao. Na vipi, ile taqsimu niliyoitaja, wanaweza kuisikia?

Nimekaa chini. Wameiulizia taqsimu!

Jumanne, 21 Mei

Mkataba umerudi, kifungu cha nne kimebadilishwa. Watunzi wawili, majina yote matatu ya Maalim, herufi zote mahali pake. Sikulazimika kugombana. Nilieleza, wakakubali. Nawaheshimu kwa hilo.

Jina la wimbo ndilo tuliloshindania. Walipendekeza jina la masultani na misafara ya ngamia, wanasema linatafutika kirahisi. Nimewaandikia kwamba wimbo huu umezaliwa klabuni, kwenye viti vya mbao, kati ya watu waliotoka kazini bandarini, na mtunzi wake yu hai na ana jina lake kwa wimbo wake. Ngamia hayumo. Maelezo waweke wanavyotaka. Jina ni la Maalim.

Wamekubali na hilo. Inaitwa "Wakae Kwanza".

Taqsimu wameisikiliza mpaka mwisho, namba inaonyesha. Wanaitaka kama ilivyo, sekunde 40, bila kukatwa.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi ya hakimiliki asubuhi, fomu mbili, yangu na ya Maalim, nakala za vitambulisho, picha ndogo. Alivaa kanzu mpya na koti. Karani alipomuuliza kazi yake kasema, mpigaji kanuni na mtunzi. Lile la pili kalisema kwa sauti zaidi.

Mkataba tumeusaini kwake, barazani, yeye kwa herufi za Kiarabu, mie chini yake. Hamsini kwa hamsini ya nusu ya watunzi kwa "Wakae Kwanza". "Alfajiri" na taqsimu ni zangu. Malipo ya kurekodi nimeyagawa na vijana leoleo.

Linki ya siri nimeifunga, haki zimehama, haifai ibaki. Kidumbaki nimekitoa kabla ya kufunga. Hicho hakimo kwenye mkataba wa mtu. Nimekitengenezea linki yake peke yake, na wiki ijayo kinakwenda maktaba nyingine, kizima, hakuna nilichokipunguza.